Kufuli Halihitaji Ufunguo Kufungwa

Binti yangu hawezi kula asida bila kuivunjavunja kwanza. Anaimega, anakifungua kila kipande kwa kidole, anachungulia ndani, ndipo anapeleka mdomoni. Wageni wakimwona wanacheka, wanasema huyu mtoto ana mambo ya kizee. Mimi sicheki. Asida ndiyo ugali wetu huku Juba, na mtoto wangu alijifunza kuila gerezani, mahali ambapo chakula hakimfikii mtu kabla askari hajakivunja kutafuta wembe. Askari aliyekuwa akivunja pale langoni nilikuwa mimi.

Nasema mapema ili mtu asije akaniambia nilificha. Mwanangu alilelewa na mfungwa. Mwanamke ambaye hakuua, hakuiba, hata kumtukana mtu hakumtukana. Alimnyonyesha, akamfundisha kutembea, akamfundisha kusema. Na ufunguo wa seli yake ulikuwa unaning'inia kifuani kwangu.

Siku hizi nina kibanda mtaa wa New Site, nauza sabuni, mkaa na biskuti. Watu wakisikia kwamba nimestaafu kazi ya serikali wanacheka, maana sina hata unywele mmoja mweupe. Nimestaafu, nimeacha, nimetoroka, chagueni neno mnalolitaka. Wengine wananiambia: lakini wewe ulikuwa unafanya kazi tu. Hao ndio wanaonipandisha hasira kuliko wote. Kazi tu. Kila aliyeshiriki mambo yale alikuwa anafanya kazi tu, ndiyo maana yalikwenda vizuri namna ile.

Nilizaliwa Uganda, ukimbizini, nikasoma sekondari Kitale, nikarudi nyumbani na cheti changu kwenye mfuko wa plastiki nikidhani nitakaa ofisini chini ya feni. Mahali palipoitika palikuwa gerezani. Si jela ndogo ya kituo cha polisi. Ni gereza kubwa, la kuta nene, ambako wanaume waliohukumiwa kifo walikwenda chooni alfajiri na minyororo miguuni, na sisi tuliokuwa upande wa wanawake tukajua kumekucha kwa mlio huo. Walitaka askari wa kike anayejua kusoma na asiyeogopa kumpekua mwanamke mwenzake. Nilijua kusoma. Kuogopa nikaacha baada ya wiki chache.

Kazi yangu ilikuwa lango la ndani. Wanawake walileta chakula kwa ndugu zao, mimi navunja asida, nakunjua kisra, ile mikate myembamba kama karatasi, nakoroga mchuzi kwa kijiko, kisha namwambia aliyeleta aonje mbele yangu. Kuna mama alinitazama nikivunja asida aliyoifinyanga vizuri, mviringo kama kichwa cha mtoto, akasema kwa upole kwamba mikono yangu inafaa kuchimba makaburi. Nilimruhusu apite. Alikuwa amesema kweli.

Nikapata mimba, nikazaa. Baba wa mtoto ni mwanajeshi, alikuwa Bilpam, makao makuu ya jeshi, kisha akapelekwa mstari wa mbele, kisha akawa anarudi anapotaka. Mama yangu alikuwa amekwisha kufa. Likizo ya uzazi ilikwisha mtoto hajashika hata shingo vizuri. Nilikuja naye kazini mgongoni, nikawa navunja asida huku analia.

Askari mkubwa wa upande wetu alikuwa mama mmoja mnene, mwenye funguo zote kiunoni, ambaye sote tulimwita haboba, yaani bibi. Aliniangalia siku moja, akanivuta pembeni. Akaniambia ninajisumbua bure, hajui ni shule gani hiyo niliyosoma. Askari wote wenye watoto wachanga huwaacha ndani, kwa wafungwa. Ndivyo ilivyokuwa tangu yeye msichana. Nikamwuliza, kwa mfungwa?

"Ya bit," akasema, yaani ewe binti, "yaya wa nje atakuibia mtoto, au atakuibia bwana. Huyu wa ndani atakwenda wapi?"

Tukacheka. Mimi pia nilicheka, tena sana.

Akanichagulia yeye mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mrefu, mwenye pengo la meno mbele. Naye alizaliwa Uganda, kwa hiyo tulisemezana Kiswahili, mimi changu cha shule, yeye chake cha soko la Arua. Alikuwa amejifungulia mle mle ndani, mtoto wa kiume, mwenye umri sawa na wangu. Kosa lake lilikuwa hili: kaka yake alimkata mtu panga katika ugomvi wa kiwanja kule Gurei, mtu akafa, kaka akavuka mpaka. Polisi walipofika nyumbani walimkuta dada mtu, ana mimba kubwa, anapepeta dura, yaani mtama. Wakambeba yeye. Akae mpaka kaka arudi. Hakuna hakimu aliyemwona. Mume wake alikuja mara moja, kisha akaoa mwingine. Kwetu jambo hili halimshangazi mtu. Ndugu ni ndugu, anashika nafasi. Kaka alikuwa anakunywa pombe Arua, dada anamshikia nafasi seli.

Alinipokea mtoto bila swali. Alikuwa na maziwa mengi, akagawa: titi la kulia la binti yangu, la kushoto la mwanawe. Hakuchanganya hata siku moja. Mwanawe akilia na la kushoto limekauka, alimtembeza na kumwimbia, la kulia hakumpa. Nilimwona kwa macho yangu, nikajiambia kwamba ni mwaminifu sana.

Nilimlisha vizuri. Nilimpelekea maharage, siagi ya karanga, samaki mkavu, na chakula changu hakikuvunjwa na mtu kwa kuwa nilikuwa na sare. Msinisifu kwa hilo. Mwenye ng'ombe naye hulisha ng'ombe.

Mbele ya watu aliniita afande. Tukiwa wawili chini ya rakuba, kile kibanda cha kivuli cha uani, aliniita dada. Mimi nilimwita wewe. Wewe, mtoto ameoga? Wewe, lete kitambaa. Miaka yote ile sikupata neno jingine.

Jioni nilikuja kumchukua binti yangu, naye alilia kwa kuniona. Alinyoosha mikono kwa yule mwanamke, akinikimbia mimi. Ilibidi yule mama amfunge mgongoni kwangu kwa kitenge, ampigepige matako mpaka atulie, ndipo mimi niondoke na mtoto wangu mwenyewe. Mwanawe alibaki amesimama mlangoni akitupungia mkono. Huyo hakujua bado kwamba kuna mahali watu wanakwenda.

Jambo hilo ndilo lililomsumbua mama yake. Hakuniomba sabuni, hakuniomba nguo. Aliniomba kitu kimoja tu, siku ambayo mwanawe alikuwa amesema maneno yake ya kwanza, na neno mojawapo lilikuwa komeo.

"Dada," akasema, "mimi nataka hii mtoto atoke kabla akili yake haijashika. Akili ikishikia hapa, atafikiri hii ndiyo dunia."

Nikamwambia nitasema na mkubwa. Nilisema kweli. Nilimvizia afisa mkuu wa gereza mlangoni kwake akiwa anatafuta kiatu kingine chini ya meza, nikamweleza. Akaniuliza, kaka amepatikana? Nikasema hapana. Akaniuliza tena, sasa unaniambia nini? Nikapiga saluti. Basi, huo ndio ukawa utetezi wangu. Mwanamke akinitazama kila asubuhi nilimwambia mambo ya ofisini huenda polepole.

Kila seli ilikuwa na komeo la nje na kufuli. Funguo zote ni za haboba, lakini ile seli ya akina mama wenye watoto nilimwomba anipe ufunguo wa ziada, ili nikitaka kumwona mwanangu mchana nisimkimbize uani na miguu yake inayovimba. Akanipa. Niliufunga kwenye uzi, nikauvaa ndani ya shati. Binti yangu aliuchezea nikimpakata, akaung'ata meno yake yalipoanza kuota. Yule mama aliujua ufunguo ule kama anavyozijua kucha zake.

Vita vilirudi mjini siku ambayo nilikuwa nimetumwa hospitalini kumpeleka mfungwa mwenye homa kali. Asubuhi nilikuwa nimemwacha binti yangu kama kawaida. Hajafika miaka miwili. Milio ilianza upande mmoja, tukadhani wanajeshi wamelewa, kisha ikaanza pande zote, na mizinga ikajibu. Tulilala chini ya vitanda vya wagonjwa. Nilijaribu kutoka, nikarudishwa na risasi zilizokuwa zinapiga mabati ya barabarani. Mwuguzi mmoja alinishika sketi ya sare akaniambia nikitoka nimevaa hivi nitakufa kabla ya kona. Nilikaa pale usiku ule na uliofuata nikiwa nimeushika ufunguo ule ngumini, na maziwa yananitoka, maziwa kidogo niliyokuwa nayo, yananitoka bila mtu wa kuyanywa.

Yaliyotokea gerezani nilisimuliwa baadaye na wanawake waliokamatwa wakarudishwa, na ya ndani ya seli waliyasikia kwake mwenyewe. Askari walikimbia. Haboba alikuwa wa mwisho. Alizunguka na funguo zake akafungua kila seli ya upande wetu, akisema hatawaacha watu wafe kama kuku kwenye tenga, kisha akavua viatu akakimbia. Lango lilikuwa wazi. Wanawake wakatoka mbio, na ndoo vichwani, na watoto mgongoni. Wengine walifika Uganda. Wengine hatujui.

Yeye alisimama uani na watoto wawili. Walimwita. Mmoja alimvuta mkono, akamwambia aje na mwanawe, huyo wa askari amwache, askari watajijua wenyewe. Akakataa kumwacha. Mwingine akamwambia basi ambebe. Akasema akivuka naye mpaka, mama yake atamtafuta wapi? Hakuna aliyekuwa na muda wa kubishana. Wakaondoka.

Sasa sikilizeni alichofanya, maana mimi niliyefungua na kufunga milango kwa mshahara nisingekifikiria. Alijua kwamba wakija watu wenye bunduki wataingia kila mlango ulio wazi. Aliingiza jirikana la maji seli, lililokuwa nusu, akaingiza watoto, akavuta mlango. Kisha akatoa mkono kwenye tundu ambalo sahani hupitishwa, akasukuma komeo la nje, akalitia kufuli mahali pake, akalibana. Kufuli halihitaji ufunguo kufungwa. Linahitaji ufunguo kufunguliwa tu, na haboba alikuwa amekimbia na wake. Ufunguo mwingine ulikuwa mmoja, nao alijua uko kwenye uzi, shingoni kwa nani.

Wakaja. Walizunguka uani, wakabeba sufuria, wakabeba mabati ya jikoni. Mmoja alipiga kufuli kwa kitako cha bunduki, mwenzake akamwambia hiyo ni stoo, imefungwa kwa nje, hamna mtu. Ndani yeye alikuwa ameziba midomo ya watoto kwa matiti yake, kulia wangu, kushoto wake.

Nilifika milio ilipotulia kidogo, nimevaa gauni la mgonjwa, nimeshika shuka nyeupe juu. Lango kubwa lilikuwa limeachama. Ofisini hamna hata kiti. Viatu vya watu vimetapakaa. Uani kwetu kila seli ilikuwa wazi isipokuwa moja, na ile moja ndiyo yangu, ina kufuli, na kimya. Nilijua mwanangu amefungiwa ndani na amekufa. Nikatia ufunguo, nikavuta komeo.

Alikuwa amekaa ukutani, mbali na mlango, watoto mapajani. Hakunisalimu.

"Mtoto yako amekunywa," akasema.

Nikatazama. Binti yangu alikuwa mchafu, macho yamevimba, sauti imekwisha kwa kilio, lakini midomo yake ilikuwa na unyevu. Kisha nikaiona midomo ya mwanawe. Ilikuwa imepasuka, myeupe kama imepakwa chokaa. Jirikana lilikuwa limelala ubavuni, kavu.

Nilimnyakua mwanangu nikatoka naye uani, nikakaa chini, nikamshika. Nililia, nikamnusa, nikamhesabu vidole. Hapo ndipo mnisikilize vizuri. Lango lilikuwa wazi. Hapakuwa na askari hata mmoja isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa na gauni la hospitali. Nikikumbuka sasa naona kila kitu: yeye amesimama nyuma yangu, amemfunga mwanawe mgongoni, kitenge kimekazwa kwa fundo la safari, kikombe chake cha plastiki mkononi. Alikuwa tayari. Alikuwa ananingojea. Mtu akifungwa muda mrefu miguu yake haiondoki bila kuambiwa. Neno moja tu, nenda, lingetosha. Wakati ule sikumwona. Wallahi sikumwona. Nilimwona mwanangu tu, dunia nzima ilikuwa hapo mapajani.

Kisha lori likaingia, na afisa akiwa mbele.

Walipomkuta mfungwa mmoja ambaye hakutoroka walishangaa sana. Afisa alimwita mbele ya askari wote waliorudi, akamsifu, akasema huyu ni mfano, akampa mche wa sabuni. Alipokea kwa mikono miwili. Kisha akarudishwa ndani.

Safari hii sikumvizia afisa akitafuta kiatu. Niliingia, nikasimama, nikamwambia huyu mwanamke aachiliwe, ameokoa mtoto wa askari. Alinitazama kwa huruma kidogo, kama mtu anayemtazama mlevi. Akaniambia wenzangu wamekwisha kumwomba kwamba mama huyu asiguswe wala asihamishwe, maana wameona wenyewe jinsi alivyo mwaminifu. Watoto wao sasa wataachwa kwake wote.

Nikatoka nikawauliza wenzangu. Hawakukana. Mmoja akaniuliza kama mimi nina yaya mwingine nyumbani, nimlete basi. Sikuwa naye. Vita vilikuwa havijaisha, soko lilikuwa limeungua, aliyeacha kazi aliacha kula. Wiki iliyofuata nilimfunga binti yangu mgongoni, nikaenda, nikafungua seli kwa ufunguo ule ule, nikamkabidhi. Alinyoosha mikono akampokea. Titi la kulia.

Nilimwuliza mara moja tu kwa nini hakuondoka. Alikuwa anafua nepi, za wangu.

"Wewe ulikuwa na ufunguo," akasema. Akaendelea kufua.

Alikaa. Mwanawe alikua, akawa anacheza michezo ya kupekua: anawasimamisha watoto wa askari, anawapapasa mifukoni, anawavunjia biskuti. Watu walicheka. Mama yake hakucheka na hakunitazama. Akili ilikuwa imekwisha kushika.

Aliachiliwa asubuhi moja, kama mtu anavyomwaga maji ya kuoshea vyombo. Habari zilifika kutoka ng'ambo kwamba kaka amekufa, tumbo, pombe, sijui. Kwa hiyo hapakuwa na wa kumngojea tena. Walimwambia jambo lote kwa pamoja, kwamba kaka yako amefariki na wewe nenda. Alikaa chini pale langoni akamlilia kaka yake, akamlilia kwa haki kabisa, na mchanga kichwani, na sisi askari tukasimama tukitazama. Mwanawe alisimama kwenye kizingiti asivuke. Alikuwa anangoja apekuliwe. Ilibidi nimpapase mifuko, mimi, kwa mikono hii, nikamwambia pita.

"Dada," nikamwambia mama yake. Neno lilitoka kama mfupa. Akanitazama, akatikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali, akamshika mwanawe mkono.

Wiki ile ile haboba, aliyekuwa amerudi kazini vita vilipotulia, aliniita kunishauri tumchague mwingine, kuna mmoja ameletwa ana maziwa. Nilivua kofia nikaiweka mezani pake. Akadhani naumwa.

Sasa yule mama yuko kambini Uganda, analima kishamba. Hupiga simu mara kwa mara. Hanitafuti mimi, ananisalimu tu kwa adabu, kisha anasema, nipe yeye. Nampa. Wanazungumza Kiswahili chao kile cha seli, mimi iko, wewe iko, wanacheka mpaka mwanangu anakaa chini. Anamwita mama. Mimi pia ananiita mama, lakini kwa sauti nyingine. Binti yangu kuzungumza anaweza, kusoma Kiswahili hajafundishwa, shuleni ni Kiingereza tu. Ndiyo maana haya nayaandika kwa lugha hii.

Juzi wenye maneno yao wamemwambia binti yangu hapa mtaani kwamba kulikuwa na siku gereza lilikuwa wazi na yule mama hakukimbia. Simu ilipopigwa akamwuliza papo hapo, mimi nikiwa napima mkaa, na simu iko kwenye spika.

"Mama, siku ile kwa nini hukuenda?"

Kule ng'ambo akasikika jogoo akiwika. Nikaacha kupima.

"Ah," akasema yule mama, "wewe ulikuwa nalala. Mimi naogopa kuamsha wewe."

Binti yangu akacheka, akamwambia mimi nalala kama jiwe, ungenibeba tu. Wakaendelea, habari za mbuzi, habari za shule. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya kibanda na vumbi la mkaa mikononi.

Siku ile binti yangu hakuwa amelala. Nilimkuta na sauti imekwisha kwa kilio.